Goti limevimba, jicho ni jeupe: je, ni damu ya ukoo?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka minne. Mwaka jana goti lake la kushoto lilivimba tukadhani ameanguka, tukazungushwa miezi mingi, mpaka tulipofika Moshi ndipo tukaambiwa ni ugonjwa wa viungo wa watoto. Kipimo cha damu kinachoitwa ANA kilitoka chanya. Sasa tunatakiwa kumpeleka kwa daktari wa macho kila baada ya miezi mitatu, ilhali macho yake hayana hata wekundu na anaona mpaka sindano iliyoanguka mkekani. Wifi yangu anasema kwao hakuna maradhi hayo, ni damu ya kwetu, kwa sababu marehemu baba yangu alikufa akiwa haoni. Kaka yangu aliyeko Uingereza amejitolea kulipia kipimo cha vinasaba cha mate ili tujue moja. Je, ni kweli ni ya kurithi? Tumpime? Na mdogo wake wa mwaka mmoja naye apelekwe? – Mama, Tanga.

JIBU: Marahaba, mama. Poleni na safari, na mgonjwa wetu mpeni pole.

Nianze na la wifi, maana nimeona ndoa zikitikisika kwa sababu ya goti la mtoto. Ugonjwa huu haurithiwi kama selimundu. Selimundu ni jeni moja: baba akiibeba na mama akiibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, na unaweza kuonyesha kwa kidole ilikotoka. Ugonjwa wa viungo wa watoto hauna jeni yake. Unasukumwa na jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo sana, nyingine zimetoka kwako, nyingine kwa mumeo, na zote zinaishi kimya ndani ya watu wazima kabisa. Mwaka 2013, watafiti waliochunguza vinasaba vya maelfu ya watoto wenye asili ya Ulaya walifikisha 17 idadi ya maeneo ya kromosomu yanayohusika kwa uhakika, na orodha imeendelea kurefuka. Hata pacha wa kufanana, waliogawana kila herufi ya vinasaba, mmoja akiugua mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Kwa hiyo si damu yenu, na si damu yao. Wifi asiporidhika, mwambie mganga wa macho amesema na ya kwao imo humohumo.

Sasa tuje kwenye jicho, ambako vinasaba vina hadithi ndefu kidogo.

Ndani ya jicho kuna tabaka lenye mishipa mingi ya damu linaloitwa uvea. Sehemu yake ya mbele ndiyo ile duara yenye rangi, kahawia kwa wengi wetu, inayozunguka mboni. Kinga ya mwili ikilishambulia tabaka hilo, tunasema mtoto ana uveitisi. Kwa jumla watoto 10 hadi 20 kati ya 100 wenye ugonjwa wa viungo huipata. Kwa wasichana wadogo wenye viungo vichache vilivyovimba na ANA chanya, idadi inaweza kukaribia 30. Binti yako yumo katika kundi hili la pili, na ndiyo maana wenzangu wa Moshi hawakutaka kumwachia.

Kwa nini yeye na si mtoto wa jirani mwenye goti kama lake? Sehemu ya jibu iko kwenye kromosomu ya 6, mahali panapoitwa HLA. Jeni za hapo hutengeneza kitu ninachopenda kukifananisha na trei ya mayai. Seli za mwili huokota vipande vya protini, za wadudu wa maradhi na za mwili wenyewe, huviweka kwenye trei na kuwaonyesha askari wa kinga: hiki ni chetu, hiki ni cha mgeni. Kila mmoja wetu amerithi trei za aina yake, na vishimo vyake havifanani. Trei iliyotengenezwa kwa mayai ya kuku haipokei vizuri yai la bata. Vivyo hivyo, trei ya mtu mmoja hushika vizuri kipande fulani cha protini ambacho trei ya mwingine ingekidondosha. Kipande hicho kikiwa cha mwili wenyewe, na askari akakikosea kwa adui, vita vinaanza mahali ambapo havikustahili kuwapo.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilijulikana kwamba watoto wenye aina fulani za trei hizo, hasa ile inayoandikwa HLA-DRB1*11, hupata uveitisi kuliko wenzao wagonjwa wa viungo wasio nayo. DRB1*13 na DRB1*08 nazo zimetajwa sana kwa watoto wa aina ya binti yako. Kwa miaka mingi tulibaki na orodha ya namba, kila utafiti ukiongeza yake. Mwaka 2018 ndipo kundi lililoongozwa kutoka Utrecht, Uholanzi, lilipoitazama orodha kwa jicho jingine. Badala ya kuuliza ni aina gani ya trei, waliuliza ni kishimo gani. Wakakuta kwamba aina nyingi zilizokuwa zikitajwa zina alama moja: katika nafasi ya 10, 11 na 12 ya protini inayounda trei yenyewe zimepangana asidi amino, yaani matofali ya protini, tatu zilezile, tairosini, serini na threonini. Na jambo lililonivutia zaidi, uhusiano huo ulionekana kwa wasichana, si kwa wavulana.

Hilo linakwenda sambamba na kitu ambacho madaktari wa Toronto, Kanada, walikuwa wamekiona miaka michache kabla: kwa wasichana, kuanza kuugua viungo ukiwa mdogo na kuwa na ANA chanya kunaongeza hatari ya macho, ilhali kwa wavulana vitu hivyo viwili havikutabiri chochote cha maana. Kumbe jinsia si tarakimu tu ya kujaza kwenye fomu. Huenda uveitisi ya msichana wa miaka minne na ya mvulana wa miaka kumi na mbili ni maradhi mawili yanayotumia mlango mmoja.

Mvulana huyo wa miaka kumi na mbili nimemtaja kwa makusudi, kwa sababu kaka yako akiingia mtandaoni atakutana na HLA-B27 kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo ni trei nyingine kabisa. Tangu mwaka 1973 inajulikana kuhusiana na ugonjwa wa uti wa mgongo na nyonga, na macho pia, lakini macho ya namna nyingine: jicho huwa jekundu ghafla, linauma, mwanga unachoma, na mtoto mwenyewe anaomba apelekwe hospitali. Huwapata zaidi wavulana wakubwa wenye maumivu ya visigino na kiuno. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara B27 ni adimu, katika jamii nyingi haifiki hata mtu mmoja kwa mia, ilhali Ulaya hufika kama wanane. Na hata kuwa nayo si hukumu: Wafula wa Gambia wanayo kwa kiasi cha kama watu sita kwa mia, lakini watafiti waliokwenda kuutafuta ule ugonjwa wa mgongo miongoni mwao hawakuukuta. Kwa binti yako B27 haina kazi. Mtu akikushauri uipime, muulize anataka kujua nini.

Na hapa niseme jambo ambalo makala nyingi za kigeni hulipitia juujuu. Karibu tafiti zote hizo za HLA na macho zimefanywa kwa watoto wenye asili ya Ulaya. Kliniki za Toronto, zenye watoto wa kila asili, zilionyesha kwamba aina ya ugonjwa anayokuwa nayo binti yako huwapata zaidi watoto wa asili ya Ulaya, na watoto wa asili ya Kiafrika huwa zaidi na aina ya viungo vingi inayofanana na baridi yabisi ya watu wazima, ambayo kwa kawaida haigusi macho. Mimi nawajua madaktari waliotafsiri hilo kuwa "watoto wa Kiafrika hawapati uveitisi". Nimewatibu watoto waliolipia gharama ya tafsiri hiyo. Uchache si kutokuwapo, na mtoto aliye mbele yako si wastani wa bara lake.

Sasa kile kipimo cha mate. Kwanza, vifaa vingi vinavyouzwa mtandaoni havisomi HLA kwa undani unaohitajika. Vinasoma vituo vichache na kukisia vilivyobaki. Pili, hata maabara nzuri ikipima DRB1 kwa usahihi, aina hizi si adimu. Watu wengi wenye afya, weusi na weupe, wanazo, pengine wewe na mimi. Tatu, na hili ndilo kubwa: kikitoka kwamba anazo, utampeleka kwa daktari wa macho kila miezi mitatu. Kikitoka kwamba hana, utampeleka kwa daktari wa macho kila miezi mitatu. Kipimo kisichobadilisha safari yako hata moja hakistahili nauli ya kaka yako. Mshukuru sana, kisha umwombe fedha hiyohiyo aigawe iwe nauli za Moshi za mwaka mzima. Kama hamjawahi kufikiria kukusanya nauli mapema, fikirieni, kwa sababu kinachowapoteza watoto wengi ninaowaona ni tiketi ya basi ya mara ya tatu na ya nne, pale ambapo kila safari wameambiwa "macho mazima" na baba anaanza kuuliza mnakwenda kufanya nini.

Mnakwenda kufanya hivi. Uveitisi ya binti mdogo kama wako haiumi. Jicho ni jeupe, halitoi machozi, halitoi matongo, na mtoto anaokota sindano kama kawaida. Ndani, seli za kinga zinaelea kwenye maji ya jicho. Ili kuziona inahitajika ile darubini ambayo mtoto anaweka kidevu na daktari anapitisha mstari mwembamba wa mwanga: zinaonekana kama vumbi linalocheza kwenye mwali wa jua uliopenya tundu la bati. Kwa tochi ya simu huzioni. Kwa herufi za ukutani huzioni. Daktari wa watoto, hata awe bingwa namna gani, hazioni bila mashine hiyo.

Niliwahi kuletewa msichana wa miaka sita ambaye goti lake lilikwisha pona, na kwa kuwa limepona waliacha kila kitu. Mwalimu ndiye aliyegundua kwamba anapitisha daftari karibu na pua. Mboni zake hazikuwa duara tena, zilikuwa na pembe kama ua, kwa sababu ile sehemu ya rangi ilikuwa imenata kwenye lenzi. Kwenye konea, kile kioo cha mbele, kulikuwa na mkanda mweupe wa chokaa uliokatiza kutoka pembe hadi pembe. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho. Mama yake aliniambia, "Lakini hajawahi kulia hata siku moja." Ni kweli, hajawahi.

Msichana huyo anatufundisha pia kwamba goti na jicho havifuati saa moja. Goti linaweza kutulia na jicho likaanza. Kwa wengi uveitisi huja ndani ya miaka minne ya kwanza tangu viungo vivimbe, na wachache hutangulia macho ndipo viungo vifuate. Mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani wa mwaka 2019 unawaweka kwenye kundi la hatari kubwa watoto wa aina ya binti yako: ANA chanya, ugonjwa ulioanza kabla ya miaka 7, na ambao haujapita miaka 4. Hao hupimwa kila miezi mitatu. Wengine inatosha miezi sita hadi kumi na miwili. Ukitazama, vigezo hivi vyote havina gharama ya maabara ya vinasaba: umri, aina ya ugonjwa, muda, na kipimo kimoja cha damu mlichokwisha kufanya.

Kuhusu hiyo ANA, mwondoe wifi wasiwasi nayo pia. Si jeni na hairithiwi kama rangi ya ngozi. Ni kingamwili zinazolenga kiini cha seli, na watoto wengi wazima wanazo bila ugonjwa wowote. Maana yake huja tu ikikutana na goti lililovimba.

Ikitokea safari moja tukaona lile vumbi, usikate tamaa, na usikubali kuambiwa tu "tumia matone urudi mwakani". Tunaanza na matone ya steroidi, na matone ya kupanua mboni ili isinate. Matone ya steroidi hayakatwi ghafla, na hayatumiwi miezi na miezi kwa wingi, kwa sababu yenyewe huleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya macho. Jicho lisipotulia tunaongeza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo hutolewa MARA MOJA KWA WIKI pamoja na vidonge vya foliki. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuitoa kila siku ni sumu, na kosa hilo hutokea. Zaidi ya hapo kuna sindano ya adalimumabu, nayo ya kutuliza kinga. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, wenye watoto 90 waliokuwa tayari wakitumia methotreksati, matibabu yalishindwa kwa asilimia 27 ya waliopata sindano hiyo, na kwa asilimia 60 ya waliopata sindano ya maji. Ni ghali, na kabla ya kuianza ni lazima mtoto apimwe kifua kikuu. Kwetu hilo si la kufumbia macho. Kifua kikuu na kaswende nazo huwasha uvea, kwa hiyo daktari akitaka kuvipima kwanza, msione kama anawatukana.

Mdogo wake wa mwaka mmoja muacheni acheze. Ndugu wa mgonjwa ana hatari kubwa kuliko mtoto mwingine, takriban mara kumi na mbili kwa hesabu za Marekani, lakini mara kumi na mbili ya kitu kidogo bado ni kidogo: kama mtoto mmoja kwa elfu ndiye anayeugua, basi kwa ndugu ni kama mmoja kwa mia. Hapimwi damu, hapimwi vinasaba, hapelekwi darubini. Akianza kuchechemea asubuhi anapoamka, au kiungo kikavimba kwa zaidi ya wiki sita, hapo mleteni haraka, msimpitishe kwenye mzunguko wa dada yake.

Nimebakiza marehemu mzee wako, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kubadilisha jibu langu. Muulize mama yako, au shangazi yeyote aliyekua naye, mambo mawili. La kwanza: mzee alikuwa na viungo vilivyovimba tangu utotoni, vipele vya ngozi vya kujirudia, na macho kuharibika angali kijana? Kama ndivyo, kuna ugonjwa adimu uitwao Blau, wenye jeni moja kweli, NOD2, unaopita kutoka mzazi hadi mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, na unaoleta viungo, ngozi na macho kwa pamoja. Hapo nitakuwa wa kwanza kumwandikia kaka yako kwamba kipimo cha vinasaba kina maana, cha maabara ya hospitali na si cha mate ya mtandaoni. Lakini wewe ni kizazi cha katikati, na hukutaja kwamba una viungo wala macho mabaya, kwa hiyo sitarajii.

La pili, ambalo nalitarajia zaidi: alianza kupoteza nuru akiwa mtu mzima, polepole, kuanzia pembeni, bila maumivu, akawa anagonga milango na kumwaga chai kando ya kikombe? Kama ndivyo, alikuwa na presha ya macho, ambayo haina undugu wowote na goti la mjukuu wake. Hiyo kweli hutembea kwenye ukoo, kwa watu weusi huja mapema na kwa ukali, na mtoto wa mgonjwa ana hatari kubwa kuliko mtu wa kawaida, hasa akikaribia miaka 40. Mtoto wake ni wewe, mama. Safari ijayo ya Moshi, binti akishamaliza kuweka kidevu kwenye ile mashine, mshushe, kisha ukae wewe.